Kambi Isiyo na Mtemi: Uongozi na Maelewano kati ya Wawindaji wa Eyasi

Wahenga wa pwani walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Usemi huu hutumika sana mikutanoni, maofisini na shuleni, kila inapotakiwa kuthibitishwa kwamba watu wakikaa pamoja hapana budi awepo mmoja wa kutoa amri na wengine wa kuitika. Hatuna nia ya kuupinga. Waliousema walikuwa mabaharia, nao walijua walisemalo. Lakini taifa letu si la mabaharia peke yao. Katika nchi hii hii, kwenye nyika ya mibuyu na migunga inayolizunguka ziwa Eyasi, wapo wananchi ambao tangu kale wameishi katika kambi za uwindaji zisizo na nahodha hata mmoja, na kambi hizo hazikuenda mrama. Hao ni Wahadzabe, ambao katika vitabu vya zamani huitwa pia Watindiga au Wakindiga.

Katika makala haya tunakusudia kuyapima yale yaliyoandikwa na kusemwa juu ya uongozi na maelewano katika kambi hizo. Tutaanza na maandishi ya wataalamu wa kigeni, hasa ya Mwingereza James Woodburn, kwa kuwa ndiyo yaliyowajulisha Wahadzabe kwa wasomi wa dunia. Kisha tutayageukia maneno yetu sisi wenyewe, tuliojitwalia kazi ya kuueleza utamaduni wa taifa. Hoja yetu ni kwamba kambi ya Wahadzabe haikosi uongozi, bali imeuvua uongozi silaha ya amri. Na kwamba maelewano yake hayatokani na wema wa kuzaliwa nao, bali na mambo yanayoonekana na kushikika, la kwanza likiwa nafasi ya kuondoka. Asiyeyaona hayo aweza kuisifu kambi hiyo kwa maneno matamu, huku akishiriki kuiua.

Kambi yenyewe

Yafaa kwanza tueleze kambi ni nini. Wahadzabe wote ni kiasi cha watu 1,000 na ushei, nao wanaishi katika wilaya za Karatu, Mbulu, Mkalama na Meatu, wakipakana na Wadatoga, Wairaqw, Waisanzu na Wasukuma. Wanaotegemea hasa uwindaji na uchumaji siku hizi ni mia chache tu. Kambi ya kawaida ina watu wapatao ishirini au thelathini, wakubwa kwa wadogo. Vibanda ni vya matawi na nyasi, na wajenzi wake ni wanawake, ambao hukimaliza kibanda kwa muda wa saa moja au mbili. Wanawake hutoka kwa makundi kwenda kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya mwitu. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale, na hurina asali. Ubuyu huokotwa na wote. Baada ya majuma kadhaa, maji yakipungua au matunda yakiiva kwingineko, kambi huhama.

Wakaao katika kambi leo sio watakaokaa pamoja mwezi ujao. Mtu huja na mtu huondoka, hata pasipo kambi nzima kuhama. Hapana mwenye kuuliza kwa nini umekuja, wala mwenye mamlaka ya kukuzuia usiende. Kwa kawaida kambi huitwa kwa jina la mtu fulani, mara nyingi mwanamume wa makamo anayejulikana sana. Mgeni akisikia jina hilo hudhani ameambiwa jina la mtemi. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

Maneno ya wataalamu

Woodburn alianza kufanya utafiti kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, akajifunza lugha yao na kurudi kwao mara kwa mara. Mwaka 1979 alitoa makala juu ya utawala wao, ambayo kichwa chake twaweza kukieleza kwa Kiswahili kuwa "siasa iliyo ndogo kabisa". Mwaka 1982 alitoa nyingine juu ya jamii za usawa, iliyopata kusomwa na wanafunzi wengi wa elimu ya jamii ulimwenguni. Ndani yake alieleza kwamba zipo jamii zinazokula kile kilichopatikana leo, bila kulimbikiza na bila kungojea mavuno ya mwakani, na kwamba jamii hizo, Wahadzabe wakiwamo, ndizo zilizoufikia usawa wa watu kuliko nyingine zote.

Sifa ya kazi hiyo haitakiwi kupunguzwa. Kabla yake, wageni wengi walioandika juu ya watu wa Eyasi waliwatazama kama mabaki ya zama za kale. Woodburn alikataa jambo hilo. Alionyesha kwamba usawa wa Wahadzabe si hali ya watu ambao bado hawajaendelea, bali ni kitu kinacholindwa kila siku kwa njia maalumu. Mwanamume yeyote ana mishale yenye sumu inayoweza kumwangusha twiga. Kwa hiyo hapana mwenye nguvu kiasi cha kumdharau mwenzake, maana hata mwenye nguvu hulala usingizi. Kila mtu anajua kujipatia chakula chake. Kwa hiyo hapana anayeweza kumtisha mwenzake kwa njaa. Tena kila mtu anaweza kuhama. Kwa hiyo hapana anayeweza kumfunga mwenzake kwa ukoo wala kwa ardhi. Haya ni maelezo ya sababu, si ya sifa tupu, na ndiyo yanayofanya maandishi yake yadumu.

Hata hivyo tunayo lawama juu ya neno hilo "ndogo". Siasa iliyo ndogo ni ndogo kwa kipimo gani? Ukiitazama kwa makini, utaona kwamba kipimo ni kile cha dola: ofisi, cheo, hukumu, kodi na jeshi. Kambi isiyo na vitu hivyo huonekana kuwa na kidogo. Ni sawa na mtu anayechukua futi ya fundi cherehani kwenda kuupima uzito wa mzigo, kisha akasema mzigo hauna kitu. Watu thelathini, wote wakiwa na silaha za kuua, wanakaa mahali pamoja pasipo polisi, wanagawana nyama isiyotosha, wanaoana, wanagombana, wanapatana au wanaachana salama. Jambo hilo linahitaji siasa nyingi, tena ya kila saa. Tofauti ni kwamba siasa hiyo haikuwekwa mikononi mwa mtu mmoja.

Woodburn mwenyewe anatupa ushahidi wa kumjibu. Anaeleza kwamba mwindaji aliyepata mnyama mkubwa harudi kambini kwa kelele. Huja akaketi kimya pamoja na wanaume wenzake, na damu iliyo kwenye uti wa mshale ndiyo inayomsemea. Msomaji mwepesi atasema huo ni unyenyekevu, basi. Sisi twasema huo ni utawala. Kambi imemfundisha mtu mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kujisifu, siku ile anayoweza kujiinua juu ya wenziwe, kwamba siku hiyo ndiyo ya kunyamaza. Zipo serikali nyingi duniani zenye katiba ndefu ambazo hazijaweza kuwafundisha wakubwa wao somo hilo.

Uongozi uliomo

Tukiuacha ule mtindo wa kutafuta mtemi, tunaona aina kadhaa za uongozi ndani ya kambi.

Kwanza ni uongozi wa kazi. Mwindaji akimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, mnyama haanguki papo hapo. Hukimbia, na sumu humfanyia kazi njiani. Hivyo mara nyingi mwindaji hurudi kambini, akaja kutoka tena na wenziwe kufuata nyayo. Katika safari hiyo husikilizwa aliyepiga, kwa kuwa alimwona mnyama alivyokwenda, na husikilizwa mwenye macho ya kusoma nyayo, awe mzee au kijana. Hapana anayebishana na aliyeliona tone la damu juu ya jani. Lakini nyama ikishafika kambini uongozi huo umekwisha, wala haubaki hata chembe yake ya kupeleka kwenye shughuli nyingine. Wanaofuata ndege arukaye mbele ya mrina asali kumwonyesha mzinga wa nyuki hawamfanyi ndege huyo kuwa mfalme. Wanamfuata mpaka penye mzinga, basi.

Pili ni uongozi wa yule ambaye kambi inaitwa kwa jina lake. Huyu hana amri, lakini hakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Watu wamekusanyika alipo kwa sababu kukaa naye kunawezekana: mkewe yupo, mama mkwe wake yupo, watoto wake wapo, na maneno yake hayaumizi. Akianza kujifanya mkubwa, hapana haja ya kumpindua. Watu hufunga mizigo yao, ambayo si mingi, na baada ya siku chache jina lake linabaki juu ya kambi isiyo na watu. Waswahili husema mkubwa ni jalala. Maana yake ni kwamba mkubwa hubeba yote yanayotupwa kwake asilalamike. Kwa wengi wetu usemi huo ni nasaha tu. Katika kambi ya Wahadzabe ni masharti ya kazi.

Tatu ni uongozi wa wanawake, ambao umetajwa kwa uchache katika maandishi mengi. Woodburn alionyesha kwamba mara nyingi mwanamume aliyeoa huishi katika kambi moja na mama wa mkewe. Hivyo kiini cha kambi nyingi, ukiacha jina la mwanamume lililo mbele, ni mwanamke mtu mzima na binti zake. Kwa desturi chakula cha kila siku, mizizi na matunda, hutoka mikononi mwa wanawake hao, na wao ndio wajuao ni bonde lipi limekwisha na lipi bado. Kambi haihami kwa sababu mzee amepiga mbiu. Huhama kwa sababu wachimbaji wamerudi na mizizi michache, maneno yakasemwa jioni, na asubuhi wa kwanza akaondoka. Kuwaita wanaume wawindaji kuwa ndio kambi, na wanawake kuwa wafuasi wao, ni kuandika habari za nyumba kwa kuutazama mlango tu.

Nyama, mishale na amani

Tukija kwenye maelewano, hapa lawama yetu inageukia nyumbani. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliandika insha yake mashuhuri juu ya ujamaa kuwa ndio msingi wa siasa yetu, akaeleza kwamba jamii za jadi za Kiafrika zilishirikiana katika kazi na katika mapato yake. Hoja ile ilikuwa na kazi yake ya kuwainua watu waliodharauliwa, nayo iliifanya vizuri. Lakini baadhi ya waliofuata walirahisisha mambo. Walipotaka mfano wa ujamaa katika utoto wake waliitaja kambi ya wawindaji, wakasema kwamba pale watu hugawana kwa sababu wanapendana, na kwamba ubinafsi haujawafikia.

Ukweli ni mgumu zaidi, na kwa maoni yetu una thamani zaidi. Katika makala yake ya mwaka 1998 Woodburn alieleza wazi kwamba ugawaji wa nyama kwa Wahadzabe si ukarimu wa mwindaji, wala si mkopo anaotazamia kulipwa kesho. Nyama ya mnyama mkubwa haiko mikononi mwake aigawe apendavyo. Watu huidai, tena huidai mbele ya uso wake, kwa kuwa ni haki yao. Aliyepata nyama mara kumi na asiyepata hata mara moja hula sawa, na asiyepata hawiwi shukrani. Kambi haikungoja mioyo ya watu iwe mizuri ndipo nyama igawanywe. Imeweka desturi inayofanya kazi hata siku ambayo mioyo ni mibaya.

Mishale nayo ina desturi yake. Wanaume wa Kihadzabe hupenda sana mchezo wa lukuchuko, ambao ni kamari ya kurusha vipande vya magamba ya miti. Wachezaji huweka mishale ya vyuma na ya sumu, visu, viko vya mawe na vitu vingine vinavyotengenezwa kwa mali isiyopatikana kila mahali. Lakini upinde wa mtu, mishale yake isiyo na sumu na mfuko wake wa ngozi havichezewi. Mtu aliyewahi kupita akawaona wameketi mchana kutwa huenda aliandika kwamba ni wavivu. Woodburn aliona kwamba kwa mchezo huo vitu adimu huzunguka kutoka mkono hadi mkono na kutoka bonde hadi bonde, wala haviwezi kulundikana kwa mmoja. Na kwamba hata anayeshindwa kabisa habaki bila zana za kujipatia chakula chake. Tukubali kwamba si rahisi kwa mtunga sheria kubuni kanuni iliyo bora kuliko hiyo.

Ugomvi pia upo. Tungekuwa waongo kama tungesema haupo. Lakini mara nyingi dawa yake ni kutengana kabla haujakomaa, tena kwa adabu. Mtu aliyekorofishana na mwenziwe hasemi kwamba anamkimbia fulani. Husema matunda ya upande ule yameiva, akaenda zake. Kila mtu anajua, na hapana anayesema. Udhuru huo mdogo huokoa heshima ya wawili hao, na huacha njia wazi ya kukaa tena pamoja mwaka mwingine. Mwenye kuutazama kwa dharau atauita uongo. Sisi twaona kuwa ni kipande cha busara ya kuishi na watu.

Utafiti mmoja wa miaka ya karibuni umetia uzito jambo hili. Mwaka 2018 kikundi cha wataalamu, akiwamo Mtanzania Audax Mabulla, kilitoa matokeo ya kazi iliyochukua miaka 6, katika kambi 56 na kwa watu wazima 383. Kila mtu alipewa asali kidogo, akaachiwa aamue mwenyewe iliyo yake na ile ya kuitoa kwa wenzake wa kambini. Ilionekana kwamba zipo kambi zinazotoa sana na kambi zinazotoa kidogo. Lakini mtu alipohama, hakwenda na ukarimu wake wala uchoyo wake: aliyefika kwa watoaji alitoa, na aliyefika kwa wachoyo alizuia. Basi ukarimu ni mali ya kambi kabla ya kuwa tabia ya mtu. Hilo ni jibu kwa wale wanaotafuta maelewano kwa kuwahubiria watu mmoja mmoja, bila kuyagusa mazingira wanamoishi.

Upungufu wa kambi

Mwenye kuhakiki asiyeona kasoro si mhakiki. Usawa wa Wahadzabe haujakamilika. Katika mnyama mkubwa zipo sehemu, kama vile moyo na figo, ambazo ni za epeme, yaani ni za wanaume waliofikia daraja hiyo peke yao. Hula faraghani, na mwanamke, mtoto au kijana ambaye hajaingia hatakiwi kuona wala kuonja, kwa hofu ya madhara makubwa. Ni kweli kwamba epeme ni pia jina la ngoma takatifu ya usiku usio na mwezi, ambamo mwanamume mmoja mmoja hucheza gizani akiwa na manyoya kichwani na njuga mguuni, huku wanawake wakiimba, na kambi nzima hukusanywa kuwa kitu kimoja. Lakini ngoma hiyo haiifuti ile nyama. Neno "usawa" linapotumika juu ya kambi hii lisemwe pamoja na mpaka wake: wanaume wazima wamezuiana wasitawalane, bali wamejiwekea kitu kimoja wasichogawana na wanawake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa zama hizi. Kambi isiyo na mtu wa kuamuru ndani, haina pia mtu wa kuzungumza nje kwa niaba ya wote. Wakati ambapo nje kulikuwa mbali, kasoro hiyo haikuwa na uzito. Nje ilipokaribia, ilikuwa mzigo.

Nje ilipoingia kambini

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja walime mwaka 1927, ikajaribu tena mwaka 1939. Serikali yetu huru nayo ilijaribu katika miaka ya 1964 na 1965, katika eneo la Yaeda. Nia ilikuwa njema: shule, dawa, maji na mashamba. Matokeo hayakulingana na nia. Makazi ya watu wengi yalileta maradhi ambayo miili yao haikuyazoea, majaribio kadhaa yaliishia katika vifo, hasa vya watoto, na chakula cha msaada kilipokwisha wengi walirudi porini. Viongozi wa wakati ule walieleza kwamba watu wale hawapendi maendeleo. Hawakujiuliza inakuwaje amani kati ya watu waliozoea kumaliza ugomvi kwa kuhama, wanapoambiwa kwamba kuanzia leo hapana kuhama.

Kisha ikaja sheria ya vijiji ya mwaka 1975, ambayo ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, kiwe na mwenyekiti na halmashauri. Kwa mkulima sheria hiyo ilikuwa na maana. Lakini fikiri kuipeleka kwa kambi ya watu thelathini ambayo imetumia akili yake yote kuhakikisha kwamba hapana anayekaa juu ya mwenziwe! Mwenyekiti wa namna hiyo hujikuta kati ya mawe mawili. Akitii desturi ya kwao atanyamaza, na ofisini ataonekana hafai. Akitii ofisi atasema kwa niaba ya wote, na kwao ataonekana amejikweza. Mtanzania mwenzetu D. K. Ndagala, katika makala aliyoitoa mwaka 1988, alizichambua picha ambazo watu wa nje wamejichorea juu ya Wahadzabe, akauliza kama watu hao ni huru au wamehukumiwa kuangamia. Swali lake lingali likitudai.

Mwaka 2007 ulizuka mpango wa kuwapa wawindaji matajiri kutoka Ghuba ya Uajemi haki ya kuwinda katika nchi ya Yaeda. Mpango huo ulipingwa, na mwishowe ukaachwa. Yafaa tuone kilichotokea katika maelewano ya watu wenyewe: jamii iliyokuwa haijawahi kuhitaji msemaji ililazimika kumpata upesi, na ikampata. Oktoba 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, juu ya eneo la kiasi cha hekta 20,000. Tunataka msomaji aitafakari hati hiyo kwa makini. Haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja, wala haikutolewa kwa mtemi. Imeandikwa kwa watu wote pamoja. Kwa mara moja, karatasi ya serikali iliweza kusema lugha ya kambi.

Hata hivyo hati moja haitoshi. Sehemu kubwa ya nchi waliyokuwa wakitembea zamani sasa ni mashamba ya vitunguu, malisho ya ng'ombe na makazi ya wengine. Fedha za watalii na fedha za kuhifadhi misitu zimeingia, nazo si kama nyama. Nyama huoza, kwa hiyo hugawanywa leo, lakini noti hukunjwa ikafichwa, na hapana damu juu ya mshale ya kuisemea. Na kila bonde linapofungwa, mtu aliyekorofishana na mwenziwe hukosa mahali pa kusema kwamba matunda yameiva.

Hitimisho

Sasa twaweza kuurudia usemi wa wahenga wa pwani. Chombo baharini huhitaji nahodha mmoja kwa sababu hakina mlango. Aliyechukizwa na tanga hawezi kushuka katikati ya maji. Kwa hiyo lazima awepo wa kukata shauri. Kambi ya Wahadzabe haikuhitaji nahodha kwa sababu ilikuwa na milango pande zote. Uongozi wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa kuombwa na si wa kuamriwa, kwa kuwa kila mtu aliweza kuondoka. Tunapoipunguza nchi yao tunaigeuza kambi kuwa chombo, kisha tunawashangaa kwa kukosa nahodha, na mwishowe tunawapelekea wa kwetu.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu wanaoandika juu ya utamaduni wa taifa mambo mawili. Kwanza, waache kuihesabu jamii isiyo na watemi kuwa jamii isiyo na uongozi. Taifa hili liliondoa mamlaka ya watemi kwa sheria mwaka 1963, kwa sababu lilitaka wananchi wawe sawa. Itakuwa ajabu tukiwadharau wale ambao hawakuwahi kuwa nao. Pili, waache kuutenga utamaduni na ardhi. Ngoma ya epeme yaweza kuletwa uwanjani siku ya sherehe, wachezaji wakapigiwa makofi na kupewa nauli ya kurudi. Lakini desturi ya mwindaji kuketi kimya, ya nyama kudaiwa bila shukrani, na ya ugomvi kumalizwa kwa hatua za miguu, haziwezi kuletwa uwanjani. Hizo huishi mahali penye nafasi ya kuhama, na pasipo nafasi hufa, hata kama kila neno lake limekwisha kuandikwa vitabuni. Tukitaka Wahadzabe waendelee kutufundisha jinsi watu wanavyoweza kukaa pamoja bila bwana, wajibu wetu wa kwanza ni kuhakikisha kwamba nchi ya kukaa wanayo.